Ramli Yenye Mhuri

Mwaka 1989, nikiwa darasa la tatu, niliona kitu angani. Jua lilikuwa limeshazama, nami nilikuwa narudisha ndama nyumbani, katika kijiji kimoja jirani na Didia, mkoani Shinyanga. Nuru kubwa kuliko nyota yoyote ilipita juu yangu bila sauti, ikaenda ikishuka, ikapotea nyuma ya paa la nyasi la nyumba ya bibi mmoja, dada yake bibi yangu mzaa baba. Niliwaacha ndama palepale nikakimbia kwenda kusimulia. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Imeshukia wapi?"

Nikanyoosha mkono.

Mwezi ule watoto wawili walikuwa wamekufa kijijini, wote kwa homa. Kabla ya usiku kuisha, nuru yangu, vifo vya watoto wale na nyumba ile vilikuwa vimefungwa fundo moja. Kwetu anayeruka usiku anajulikana: ni mchawi juu ya ungo. Siku chache baadaye barua isiyo na jina ilikutwa mlangoni kwa Bibi, ikimpa siku tatu. Hakuisubiri ya tatu. Aliondoka alfajiri na furushi moja kwenda kwa binti yake Kahama, akazikwa hukohuko, na mji wake ukabaki gofu mpaka watu wakalima choroko juu yake.

Sikudanganya. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Nuru ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu, na nilisimulia nilichokiona bila kuongeza chumvi. Ushahidi wangu ulikuwa wa kweli, na ulimtoa mtu asiye na hatia nyumbani kwake.

Leo ni mwalimu wa hisabati. Jioni wanafunzi hunikuta kijiweni, kando ya barabara ya kwenda Tinde, wakiwa na simu za kaka zao.

"Mwalimu, shikamoo. Umeiona hii? Wamarekani wenyewe wamekiri."

"Marahaba. Wamekiri nini?"

"Kwamba wapo."

Wanachonionyesha ni video ambazo Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilizitoa rasmi tarehe 27 Aprili 2020. Ziko tatu. Moja ilipigwa Novemba 2004 juu ya bahari ya Pasifiki, karibu na San Diego, na ndege ya kivita iliyoruka kutoka meli ya USS Nimitz. Mbili zilipigwa mwaka 2015 upande wa Atlantiki. Zote zilikuwa zimeshaonekana kabla. Gazeti la New York Times lilikuwa limeonyesha mbili kati yake Desemba 2017. Pentagon ilieleza kwamba inazitoa ili kuondoa utata kama picha zinazosambaa ni za kweli au la. Ikathibitisha kuwa ni za kweli. Kuhusu vitu vyenyewe vinavyoonekana ndani yake, ikasema havijatambuliwa.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na serikali ile, na serikali nyingine yoyote itakayopenda kuiga mtindo huo. Mtu wa kawaida hatofautishi mambo mawili ambayo mhuri ule uliyachanganya. Wizara ilisema picha ni ya kweli. Dunia ikasikia kuwa uvumi ni wa kweli. Kisha wizara ikakaa kimya, ikaacha neno "havijatambuliwa" lizunguke peke yake likitafuta mtu wa kulijaza.

Sisi wa Shinyanga tunaijua kazi hiyo, na ina jina. Mpiga ramli mjanja hamtaji mtu. Anamwambia mteja kwamba adui yake ni mwanamke, hakai mbali, macho yake ni mekundu, na mlango wake unatazama magharibi. Jina analimalizia mteja mwenyewe, akirudi nyumbani na kumwangalia kila jirani usoni. Damu ikimwagika, mganga anaweza kuapa mbele ya hakimu kwamba hakumtaja mtu, na atakuwa anasema kweli. Ndiyo maana ikaitwa ramli chonganishi, na ndiyo maana Januari 2015 serikali yetu ilitangaza kuipiga marufuku, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipokuwa yameitikisa Kanda ya Ziwa. Kosa la mpiga ramli haliko katika alichosema. Liko katika nafasi aliyoiacha wazi makusudi, akijua itajazwa na nini.

Video isiyo na umbali, isiyo na ukubwa wa kitu wala maelezo ya namna kamera inavyofanya kazi, ni ramli ya namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba hii ina mhuri wa wizara.

Chukua ile video ya 2015 inayoitwa GOFAST. Kidoa cheupe kinaonekana kikikimbia kwa kasi ya ajabu juu ya bahari, kama kimelala juu ya maji, na marubani wanasikika wakishangilia kamera ilipofanikiwa kukinasa. Ukiiangalia mara moja utaamini kwamba hakuna chombo cha binadamu kinachoweza kwenda hivyo. Lakini kioo cha kamera ile kina namba, na namba zile zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni mtu wa wizarani wa kukaa chini na kumweleza mwananchi namna ya kuzisoma.

Siku moja nilizinakili namba hizo ubaoni. Ndege iko kwenye kimo cha futi 25,000, takriban mita 7,600. Kuna wakati kioo kinaonyesha kuwa kitu kiko umbali wa maili 3.4 za baharini, takriban mita 6,300, na kamera imeinama nyuzi 35 kwenda chini. Hiyo ni pembetatu mraba, somo ambalo mwanafunzi wa sekondari analijua. Niliwapa kitabu cha majedwali, nikakaa. Msichana wa dawati la mbele ndiye aliyemaliza kwanza: kitu kiko mita 3,600 chini ya ndege. Toa katika 7,600, zinabaki 4,000.

Darasa likanyamaza. Mita 4,000 juu ya bahari si kulala juu ya maji. Ni takriban theluthi mbili ya kimo cha kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, na kutoka hapo mpaka majini kuna pengo la kilomita nne. Kasi iliyotushangaza ilikuwa ya ndege yenyewe iliyobeba kamera. Ukiwa ndani ya basi, ukitazama nje, mti ulio kati yako na kilima unaonekana unakimbia mbele ya kilima kile. Mti haujatoka mahali pake. Jopo la wataalamu lililoundwa na NASA lilichapisha ripoti yake Septemba 2023, likaonyesha hesabu hiyohiyo na kukadiria kwamba kitu kile kilikuwa kinakwenda maili 40 kwa saa, yaani kama kilomita 64, mwendo ambao upepo wa kimo hicho unaweza kukisukuma nao. Hapa barabarani kwetu kuna kibao cha 50. Trafiki angekipiga tochi kwa kuzidisha mwendo, lakini asingekiandikia kosa la kutoka sayari nyingine.

Wanafunzi walicheka. Mimi nilikuwa nafikiria mkono wangu.

Baada ya kipindi kile nilikwenda kusimama pale nilipokuwa nimesimama mwaka 1989. Mti niliokuwa chini yake haupo, lakini kichuguu kipo, na njia ya ng'ombe ipo. Nilitazama upande ule ule. Mstari kutoka jichoni pangu unapita juu ya gofu la Bibi, unapita juu ya majaruba ya mpunga, juu ya miji mingine minne, kisha unaendelea mpaka mbali usikoweza kuona. Nuru ile inaweza kuwa ilikuwa juu ya mahali popote katika mstari huo, au juu kabisa, mamia ya kilomita angani, mahali ambapo haina uhusiano na kijiji chochote. Angekuwepo mtoto mwingine anayechota maji kisimani upande wa pili, nuru ileile ingemwonekania inashukia nyumba nyingine, pengine ya mwenyekiti, pengine ya baba mdogo mwenyewe. Mimi nilikuwa na mwelekeo tu. Umbali sikuwa nao. Baba mdogo aliponiuliza imeshukia wapi, jibu sahihi lilikuwa "sijui", na hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kwamba hilo ni jibu la mtu mwenye adabu.

Nitaambiwa kwamba ninawadharau mashahidi. Hapana. David Fravor, kamanda aliyekuwa angani siku ile ya Novemba 2004, amesimulia mara nyingi kile alichokiona kwa macho yake, na mwaka 2023 alikisimulia kwa kiapo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Simwiti mwongo. Mimi pia sikuwa mwongo. Swali si kama mtu aliona. Swali ni nani aliyemruhusu msikilizaji kuruka kutoka "aliona" mpaka "wapo".

Nitaambiwa pia kwamba si kila kitu kina hesabu rahisi kama GOFAST. Ni kweli. Juni 2021 ofisi inayosimamia mashirika ya ujasusi ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu matukio 144 yaliyoripotiwa zaidi na wanajeshi. Ni tukio moja tu lililoelezwa kwa uhakika mkubwa: lilikuwa puto kubwa linaloishiwa upepo. Yakabaki 143. Kijiweni kwetu namba hiyo imekuwa kama aya ya kitabu kitakatifu. Lakini ripoti yenyewe ilisema kikwazo kikubwa ni uhaba wa taarifa. Jalada la polisi lisilo na ushahidi halimtii mtu hatiani, linabaki wazi. Mtoto aliyekufa kwa homa mwaka 1989 bila kupimwa damu hana sababu ya kifo iliyoandikwa, na kukosekana kwa maandishi hayo hakukumfanya Bibi kuwa sababu.

Na kuna jambo baya zaidi ya kutojua, nalo ni kujua na kuiacha nafasi wazi kwa faida yako. Mwaka 1997 mwanahistoria Gerald Haines aliandika katika jarida la CIA lenyewe kwamba, kwa hesabu za shirika hilo, zaidi ya nusu ya taarifa za visahani vya angani vya miaka ya mwisho ya 1950 na miaka ya 1960 zilitokana na safari za siri za ndege zao za upelelezi, hasa U-2. Waliokuwa wanazirusha walijua. Wananchi waliokuwa wanatazama juu hawakujua, na wakapewa maelezo ya uongo kuhusu hali ya hewa ili siri ibaki siri. Kwa hiyo serikali ileile inaposema leo "hatujatambua", mwananchi wake ana haki ya kutoamini hata pale inaposema kweli. Hiyo ni gharama ya miaka ya kucheza na nafasi iliyo wazi.

Mwalimu mwenzangu mmoja huniambia: "Mwalimu, unakuza mambo. Wale wanajiburudisha na wageni wa angani, hawamdhuru mtu. Uchawi ni habari nyingine."

Namjibu kwa historia ya mahali tulipokaa. Mtafiti Simeon Mesaki ameandika kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, na zaidi ya nusu yao ni Usukumani. Wengi walikuwa wanawake. Alama iliyowaponza bibi wengi ilikuwa macho mekundu. Ukiuliza macho yale yametoka wapi, jibu lipo, ila ni refu. Wakati wa ukoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuua mbung'o. Baadaye pamba na mifugo vikamaliza iliyobaki, mpaka mwaka 1986 serikali ikalazimika kuanzisha mradi wa HASHI wa kurudisha miti. Mwanamke asiye na kuni anapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe. Moshi wa miaka hamsini ndani ya nyumba isiyo na dirisha unafanya jicho kuwa jekundu. Jibu fupi lilikuwa "mchawi". Jibu refu lilihitaji mbung'o, pamba, moshi na miaka, na aliyekuwa na panga hakuwa na subira nalo.

Tabia ya akili ni moja. Aliyezoea kwamba neno "haijulikani" ni mlango wa kuingiza chochote anachokitamani au anachokiogopa, ataingiza wageni wa angani leo akiwa na simu mkononi na ameshiba, kisha kesho mtoto wake akiugua ataingiza jirani. Siwezi kumfundisha hesabu za pembetatu asubuhi na kumwacha jioni ajizoeze kuruka.

Tena anga letu limechangamka kuliko la 1989. Setilaiti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa mafungu mwaka 2019, hupita zimefuatana kama taa zilizotungwa kwenye uzi, na kila zinapoonekana simu yangu hujaa maswali. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilifanyiwa majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza mpaka Ukerewe, juu ya ziwa. Katika ukanda huu wa dhahabu na almasi, kutoka Mwadui mpaka Geita, vyombo vya kupima ardhi kutoka juu vitaongezeka. Kila taa mpya itapita juu ya paa la mtu. Na bado kuna bibi wanaoishi peke yao chini ya mapaa hayo.

Kwa hiyo serikali ifanye nini? Mfano haupo mbali. Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Watu walikuwa na kila sababu ya kuogopa: wangeweza kudhani ni bomu, wangeweza kudhani ni laana. Shirika la anga za juu la Kenya lilifika, likalizingira eneo, na tarehe 1 Januari 2025 likatoa taarifa: kipenyo ni karibu mita 2.5, uzito karibu kilo 500, na kwa tathmini ya awali ni kipande cha roketi kinachopaswa kuungua angani au kuangukia baharini. Angalia walichofanya. Walitoa kipimo. Walisema wanachodhani, wakasema ni tathmini ya awali. Walisema uchunguzi unaendelea. Hawakujua kila kitu, na hawakujifanya wanajua, lakini kutojua kwao kulikuwa na mipaka iliyochorwa. Mkazi wa Mukuku alilala akijua kwamba chuma kile hakikutumwa na jirani yake.

Hicho ndicho ninachokidai, kwa Washington na kwa Dodoma, kwa halmashauri na kwa mgodi wowote. Ukitoa picha, toa na umbali. Ukishindwa kutoa umbali kwa sababu ya siri za kijeshi, sema hivyo waziwazi, na sema kwamba bila umbali picha haithibitishi lolote zaidi ya kwamba kamera iliona kitu. Ukirusha chombo juu ya kijiji, mwenyekiti wa kijiji aambiwe kabla ya siku yake, naye atangaze mnadani na kwenye nyumba za ibada. Ukisema "hatujui", taja mnachokijua, msichokijua, na mnachokifanya ili mjue. "Hatujui" ya namna hiyo ni taarifa. Ile nyingine ni ramli.

Na sisi tunaotazama tuna deni letu. Siwezi kuwalaumu Wamarekani kwa nafasi waliyoiacha wazi bila kujilaumu mimi niliyenyoosha mkono, na watu wazima waliokuwa na akili timamu wakaufuata. Darasani kwangu sasa kila anayeleta video ya ajabu anaulizwa maswali matatu kabla ya kuruhusiwa kuwaonyesha wenzake: kipo umbali gani? Aliyepiga alikuwa amesimama au anatembea? Mtu wa upande wa pili angeona nini? Akikosa majibu, anaandika ubaoni "sijui", na anakaa. Hakuna anayemcheka. Hiyo ndiyo sheria pekee ninayoisimamia kwa ukali.

Wiki iliyopita yule msichana wa dawati la mbele aliniuliza kuhusu nuru yangu, maana niliwasimulia.

"Sasa Mwalimu, ile ya 1989 ilikuwa nini?"

Nikamwambia inaweza kuwa kimondo. Inaweza kuwa setilaiti, au mabaki ya roketi yanayoungua. Nimesoma mengi, na hakuna hata moja ninaloweza kuliapia, kwa sababu yote niliyokuwa nayo ni jicho la mtoto na mwelekeo wa mkono. Nikachukua chaki, nikaandika neno moja, nikakaa kwenye dawati la nyuma.